Familia ya Chengo Yaenda Shelisheli

"Jina la mtoto?"

"Masha Nyale."

Vidole vyangu vikasimama juu ya kibodi.

"Rudia, dada."

"Masha. Halafu Nyale. Kwani ni gumu?"

Si gumu. Nalijua hilo jina kuliko ninavyolijua langu. Limechorwa kwenye saruji ya kaburi la baba mkwe wangu, kule Minjila, na tangu niolewe mama mkwe alikuwa akinipungia kidole akiliulizia: "Masha wangu yuko wapi, Sidi? Utaniletea lini?" Maana kwetu Wagiriama mtoto wa kiume wa kwanza hapewi jina la kuokota. Hupewa la babu yake mzaa baba, lote, kama lilivyo. Mimi nilizaa wasichana wawili, Kadzo na Dama. Jina likabaki kwenye saruji.

Sasa lilikuwa limesimama mbele ya kaunta ya cyber yangu, hapa Garsen, lina miaka miwili, linalamba kifuniko cha soda.

Mama yake, Janet, alikuwa msichana wa Chara, mpole, ana dera la kijani. Fomu yake ya pasipoti nilikuwa nimeshaimaliza. Tena tulikuwa tumecheka pamoja, aliponiambia wanakwenda likizo Shelisheli mwezi wa Disemba.

"Basi tutaonana huko!" nilimwambia. "Na sisi twaenda Disemba hiyo hiyo."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

"Cheti cha kuzaliwa hakina jina la baba," nikamwambia. "Kuna mstari tu."

"Baba yake alisema tuache hivyo kwanza. Mambo ya kazini."

"Na jina hili nani alilichagua? Si wewe ni Mpokomo?"

"Ni yeye. Mimi nilitaka kumwita Brayan. Akakataa katakata. Ati kwao lazima mtoto wa kwanza abebe jina la babu. Na mamake naye! Alikuja mpaka Chara, amebeba kuku wawili na leso, akamshika mtoto akalia: Masha wangu amerudi."

Hapo nikaelewa kwa nini mama mkwe aliacha kuniuliza. Miaka miwili hajauliza. Na mimi, na stashahada yangu ya kompyuta ukutani, nilidhani amenionea huruma.

"Huyo bwana hana mke?"

"Alikuwa naye. Akaenda Saudia kufanya kazi za nyumba, akapotelea huko huko. Hata watoto aliwatupa."

"Saudia ni mbali," nikasema.

"Wanawake wengine hawana roho, dada."

"Hawana. Hebu mpigie. Hii fomu ya mtoto ina kitu nataka kuhakikisha. Weka sauti juu."

Janet akasita. "Usiongee lakini. Aliniambia nisijaze Garsen, niende Malindi. Ni vile watu wa Chara wote wanasema hapa kwako hawakosei."

"Sitaongea."

Simu ikaita mara mbili.

"Malaika wangu! Umefika Malindi?"

Ile ile. Sauti ile ile iliyoniuliza asubuhi soksi zake ziko wapi.

"Niko njiani," Janet akasema, akinikonyeza.

"Usishuke Garsen kabisa. Cyber za hapo ni za washamba, wataharibu fomu. Masha hajambo? Mwambie baba amemnunulia miwani ya jua."

Simu ikakatika. Janet alikuwa anatabasamu.

Sikupiga kelele. Nilifunga fomu, nikageuza skrini ya kompyuta ili aone picha ninayoitumia nyuma: mume wangu Chengo, kizibao chake cha kaki, mkono mmoja begani kwangu, Kadzo na Dama wamesimama mbele na sare za shule.

Tabasamu la Janet likaisha polepole, kama maji yanayoingia mchangani.

"Huyu... kwani wewe ni dada yake?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyeko Saudia."

Kiti hakikuwa karibu, akakaa sakafuni. Masha akamkalia mapajani akidhani ni mchezo.

Ndipo Hawo akaingia. Hawo ni Muorma, anauza maziwa na chai mlango wa pili, na Kiswahili chake hakina adabu kwa mtu yeyote.

"Sidi, chai yako hii... kwani nani amekufa?"

"Mume wangu."

"Chengo? Saa ngapi?"

"Kama dakika tano zilizopita."

Nikamweleza. Hawo akaweka chupa ya chai chini, akamtazama Janet, akamtazama mtoto, akaitazama ile picha.

"Ng'ombe yetu akiingia shamba ya watu, wallahi anajua anaiba. Anakula haraka, anaangalia nyuma. Hii yenu anakula shamba mbili na anatembea pole pole, amevaa koti ya mradi!"

Janet alikuwa analia. "Dada, naapa sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua usingekuja kujazia fomu hapa."

"Utanifanya nini?"

"Wewe? Nitakupa chai, na fomu ya mtoto nitakumalizia. Kuna Jumapili inakuja, na familia yote itakuwa kwa mamake."

*

Sasa nikueleze huyo Chengo ni mtu wa aina gani, ili usije ukamhurumia.

Chengo ni afisa wa mradi wa mikoko. Ana kizibao cha mifuko kumi na miwili, na hakivui. Amekivaa kanisani, amekivaa kwenye matanga. Mto Tana anauvuka darajani na vioo vya gari amefunga, ati mamba. Bahari hajaitia hata kidole. Nilipoolewa nilimwomba kitu kimoja tu, anipeleke Kipini, pale mto wetu unapoingia baharini. Safari ya asubuhi, mchana umerudi.

"Kipini?" alicheka. "Mama Kadzo, mimi si mtu wa Kipini. Kuwa na subira, nitakupeleka bahari ya watu."

Nikasubiri miaka tisa. Mwaka huu akatangaza Shelisheli. Familia nzima! Akafungua kundi la WhatsApp, akaweka picha za minazi iliyoinama na maji ya rangi ya dawa ya meno. Mamake akauliza huko wanakula nini, Chengo akajibu, "Mama, huko hata mashelisheli yenyewe hatutakula, tutakula kamba." Wanangu wakaanza kujifunza kuogelea kitandani.

Nilijaza fomu zetu mimi mwenyewe: yangu, ya Kadzo, ya Dama. Nikazichapisha, akazichukua azipeleke Mombasa. Mimi ninayefuatilia fomu za tarafa nzima, za mume wangu sikuzifuatilia. Unafuatiliaje mtu uliyelala naye? Huo ndio ujinga wangu, na nauandika hapa mwenyewe asije mwingine akaniandikia.

Siku ya pili baada ya Janet, Jumamosi asubuhi, Chengo alikuwa anaoga. Kizibao kilikuwa kwenye kiti. Nikapekua mfuko mmoja mmoja. Kalamu. Kipima urefu ambacho hajawahi kupimia kitu. Miwani midogo ya jua, ya mtoto. Na katika mfuko wa mgongoni, ule wenye zipu, fomu tatu zimekunjwa mara nne, na picha zetu ndani. Kadzo alikuwa amecheka kwenye picha yake, nikamkemea siku ile kwamba pasipoti haitaki kicheko.

Hazikuwahi kutoka Garsen.

Nikazirudisha, nikafunga zipu. Akatoka bafuni na taulo kiunoni.

"Baba Kadzo, pasipoti zetu zimefika wapi?"

"Ziko hatua ya mwisho. Haya mambo yana utaratibu wake, wewe huwezi kuelewa."

"Mimi ndiye niliyejaza fomu."

"Kujaza ni kitu kingine, mama. Kufuatilia ni kitu kingine."

"Na yako na ya Mama?"

"Zetu zilitangulia. Zimeshatoka." Akavaa kizibao chake, akajipapasa mifuko. "Kesho sote tunakwenda kwa Mama. Nina mpango wa kuwaonyesha. Vaa vizuri basi, usivae kama mtu wa cyber."

"Nitavaa vizuri," nikasema.

Akaondoka akipiga mluzi. Nikamtumia Janet ujumbe: "Kesho Minjila, baada ya ibada. Njoo na mtoto na zile karatasi."

Akajibu: "Naogopa."

Nikamwandikia: "Ogopa ukiwa njiani. Ukifika acha."

*

Mama mkwe alikuwa amepika pilau. Ndugu na majirani wamejaa sebuleni, watoto wamekaa kwenye mkeka. Hawo alikuwa amekuja nami. Hakualikwa na hakuona sababu ya kualikwa.

Chengo akasimama mbele ya televisheni. Alikuwa ameunganisha kompyuta, kuna mishale na rangi.

"Kwanza nimshukuru Mungu," akaanza. "Pili, niishukuru familia. Kuna watu hapa Tana Delta watazaliwa na kufa bila kuona maji ya bluu. Sisi hatutakuwa miongoni mwao."

"Na hapa Kipini maji ni ya rangi gani?" Hawo akauliza.

Watu wakacheka. Chengo akajifanya hakusikia. Akafungua sanduku la karatasi, akatoa fulana za bluu zilizochapishwa kwa herufi kubwa: FAMILIA YA MASHA, SHELISHELI. Akamvika mamake. Mama akajitazama kifuani, akapiga kigelegele mwenyewe.

"Yangu hii hapa," Chengo akasema.

"Na zetu?" Kadzo akauliza. Ana miaka minane, na hana mchezo.

"Zenu, mamangu, bado zinachapishwa."

"Lakini sanduku halijaisha, baba."

Mtoto wangu huyo. Nikainuka, nikatia mkono sandukuni kabla hajalifunga. Nikatoa fulana ya mtu mzima, ya kike, nyembamba. Nikaipima kifuani kwangu mbele ya watu. Ilinifika nusu.

"Hii si yangu. Mimi nimeshiba." Nikatia mkono tena, nikatoa fulana ndogo, unaweza kuifunikia chungu. "Na hii? Dama ana miaka sita. Hii ya nani, Chengo? Tunakwenda na kuku?"

Sebule nzima ilinigeukia. Haikuwa kwa sababu ya fulana. Ni kwamba tangu niolewe sijawahi kumwita jina lake, na nilikuwa nimelitaja mbele ya mamake.

"Sidi," mama mkwe akasema, "rudisha hiyo. Ukae."

"Nitakaa, Mama. Kwanza mwenye fulana aje avae."

Hawo akafungua mlango wa uani. Janet akaingia, amembeba Masha mgongoni kwa leso. Na ile leso, nikaitambua. Mama mkwe alikuwa na nyingine sare yake kabatini.

Masha hakungoja kuulizwa. Aliponyoka, akakimbia moja kwa moja mpaka miguuni kwa Chengo, akamshika suruali.

"Baba! Miwani!"

"Mpe mtoto miwani yake," nikasema. "Iko mfuko wa tatu kushoto."

Chengo akaufunika mfuko kwa kiganja. Ungemwona! Mtu mzima, afisa, anaficha miwani ya plastiki.

"Mama Kadzo, hapa si mahali pake. Twende nyumbani tuongee."

"Nyumbani kwa nani? Mimi si niko Saudia?"

Jirani mmoja akaguna. Binamu yake akauliza, "Saudia vipi?"

"Muulizeni. Nilipotelea Saudia nikawatupa wanangu. Kila siku nampakulia wali kutoka Saudia, nguo zake nazifua kutoka Saudia. Nina mikono mirefu kweli."

Chengo akapangusa jasho, akaanza kuzungumza kama anayewaripotia wafadhili.

"Naomba nieleweke. Mimi nilipanga hii safari kwa awamu. Awamu ya kwanza ni kundi dogo, la majaribio. Awamu ya pili, mwakani, mama Kadzo na wasichana..."

"Sisi si mikoko, Chengo, utupande kwa awamu. Fungua zipu ya mgongoni."

"Zipu gani?"

"Kadzo, mfungulie babako."

Kadzo akaenda nyuma yake, akafungua. Fomu zikatoka, na picha zikaanguka mkekani. Mwanangu akaiokota yake, ile aliyocheka.

"Hukuzipeleka," akamwambia. Hakulia. Ningependa angelia.

Hapo mama mkwe akasimama, fulana imembana, kidole juu.

"Sasa mnamwonea mwanangu kwa kosa gani? Alitaka jina la babake lisife! Wewe ulishindwa, Sidi. Miaka tisa! Angengoja mpaka lini? Huyu ndiye Masha wangu, na atapanda ndege na mimi, mtake msitake."

"Mama," nikasema, "mtoto amebeba jina la marehemu, na jina ni zuri, sina ugomvi nalo. Marehemu alikuwa na ng'ombe watatu na neno moja. Mwanao ana mifuko kumi na miwili na hakuna hata mmoja wenye neno la kweli. Lakini kuhusu ndege, mimi nasema kama mtu wa fomu: fomu ya mtoto hutiwa sahihi na mzazi. Janet, toa cheti."

Janet akatoa cheti cha kuzaliwa. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Someni wenyewe. Mahali pa baba kuna mstari. Ni yeye aliyesema uwekwe. Alikaa kando yangu, nikamwambia andika jina lako, akasema la, weka mstari."

"Ni karatasi tu hiyo!" Chengo akasema. "Mpenzi, tutabadilisha, Jumatatu nitakwenda..."

"Usiniite mpenzi mbele ya mke wako. Mstari umeutaka mwenyewe, ubaki na mstari wako." Akachukua fomu ya Masha niliyomjazia mimi, akaipasua mara mbili, akaweka vipande juu ya sahani ya pilau ya Chengo. "Mwanangu haendi popote."

"Masha wangu!" mama mkwe akalia, akinyoosha mikono.

"Bibi," Janet akamwambia taratibu, "ulikuja kwetu na kuku wawili ukijua huyu ana mke. Ukala kwa mamangu. Ukitaka kumwona mtoto, njia ya Chara unaijua, na mchana ni mrefu. Lakini njoo peke yako."

Akamwinua Masha. Mtoto alikuwa bado anaangalia mfuko wa tatu. Nikaenda, nikautoa mkono wa Chengo kama unavyoondoa nzi, nikachukua miwani, nikamvika kijana. Ilimkaa vizuri.

Chengo akanishika mkono. "Sidi, nakupenda. Naapa kwa kaburi la baba."

"Marehemu muache apumzike. Umeshamchosha."

Tukatoka, wanawake watatu na watoto watatu. Nyuma nikamsikia Hawo, aliyekuwa amerudi kuchukua pilau yake: "Na fulana hii nyembamba, ikikosa mtu, mimi nafungia mtoto wa mbuzi."

*

Baba yangu aliarifiwa wiki hiyo hiyo, na wazee wa pande mbili wana kikao chao. Hayo ni yao. Mimi nilihamisha vitu vyangu mpaka chumba cha nyuma ya cyber: vitanda, masufuria, na stashahada yangu. Chengo, aliyebaki Minjila kwa mamake akingoja hasira zangu zipoe, nikamwachia kizibao.

Alinifuata mwanzoni, kwa simu tu. Jumbe zake ninazo.

"Sidi, safari bado ipo. Naweza kuwatafutia nafasi wewe na watoto. Tuanze upya."

Nikamwandikia: "Kundi la majaribio limejaa?"

"Usinidharau. Mimi ni mume wako."

"Nani alikwambia? Mimi sikuona jina. Niliona mstari."

Disemba ikafika. Pasipoti zilizokuwa zimetoka ni mbili tu, na tiketi hazirudishwi. Kwa hiyo Chengo Masha, afisa wa mradi, akaenda Shelisheli na mamake.

Nilikuwa Kipini siku alipoweka picha. Janet alikuwa amekuja na Masha, Hawo na chupa yake ya chai. Kadzo na Dama walikuwa wameingia majini na magauni yao, pale ambapo maji ya Tana, mekundu kwa udongo wa kwetu, yanaingia kwenye maji ya chumvi na kukataa kuchanganyika kwa muda. Dama alionja upande huu, akaonja upande ule, akatema, akacheka. Kicheko chote, hakuna aliyemkemea.

"Hebu njoo uone," Hawo akasema, ameshika simu.

Chumba cha wapenzi. Kitanda kikubwa kimepambwa kwa maua mekundu yaliyopangwa umbo la moyo. Pembeni ya moyo amekaa mama mkwe, fulana ya bluu, leso kichwani, mkoba ameukumbatia kama yuko hospitali anasubiri daktari. Nyuma yake Chengo, kizibao juu ya fulana, ameinua kidole gumba. Ameandika: "Mimi na malkia wangu."

"Harusi nzuri," Hawo akasema. "Nani alitoa mahari?"

Janet alicheka mpaka akakaa mchangani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu ile siku ya kaunta.

Wiki moja baadaye, niko kazini, simu ikalia. Ujumbe wa Chengo.

"Nimerudi. Nimefika nyumbani, mlango uko wazi, hakuna mtu, hakuna hata sufuria. Nina njaa. Mko wapi?"

Kutoka nilipokaa niliuona mlango wake, ng'ambo ya barabara. Nilimwona yeye mwenyewe, amesimama na sanduku lenye magurudumu ambalo magurudumu yake yamezama kwenye vumbi la Garsen, anajipapasa mifuko mmoja baada ya mwingine.

Nikamaliza fomu ya mteja kwanza. Nikaichapisha, nikampa, nikamshukuru. Kisha nikachukua simu nikaandika:

"Niko Saudia. Nimepotelea huku."